Mfalme wa kwanza wa Misri ni nani hasa: Narmer, Aha au Menes? Mbona orodha hazipatani?

#1 Mkoba wa Ngozi
Wakuu, heshima zenu.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza, na daftari lake la historia limeandikwa "Menes aliunganisha Misri ya Juu na Misri ya Chini", yaani kusini na kaskazini. Mtandaoni mfalme huyo huyo anaitwa Narmer, ukisogea kidogo anaitwa Aha. Nimesoma hadi usiku mwingi na nimetoka na msimamo, nauweka mezani: Menes hakuwahi kuwepo. Jina hilo linaanza kuonekana bayana kwenye kumbukumbu za Ufalme Mpya, zaidi ya miaka 1,500 baada ya huo muungano wenyewe. Makuhani walihitaji orodha yenye mwanzo, wakamweka mtu pale juu.

Anayepinga alete kitu kilichochongwa wakati ule ule. Waandishi wa Kigiriki waliokuja baadaye siwataki.

#2 Mwalimu Ngwe
Ushahidi wa wakati ule upo, tena wa jiwe. Bamba la Narmer lilichimbuliwa Hierakonpolis na wanaakiolojia Quibell na Green, msimu wa 1897 hadi 1898. Upande mmoja mfalme kavaa taji jeupe la Misri ya Juu, kainua rungu, kamshika mateka nywele. Upande wa pili ni yeye yule na taji jekundu la Misri ya Chini, anakagua maiti zilizokatwa vichwa. Mtu mmoja, mataji mawili, nchi mbili.

Tena si bamba peke yake. Mwaka 1985 Wajerumani wanaochimba makaburi ya Umm el-Qa'ab kule Abydos walipata alama za muhuri kwenye udongo, katika kaburi la mfalme Den. Muhuri ule unawataja kwa mpangilio: Narmer, Aha, Djer, Djet, Den, na Merneith mama wa mfalme. Baadaye ukapatikana mwingine wa kaburi la Qa'a, nao unaanza na Narmer. Hao ni watu wa nasaba ya kwanza yenyewe, na hesabu yao wanaianzia kwa Narmer. Kwangu Narmer ndiye Menes, mjadala umefungwa.

#3 Kipanga Mweusi
Haujafungwa mwalimu, ndiyo kwanza tunakunja mikono ya shati.

Kuna kibao cha pembe ya ndovu kilichotoka kaburi la malkia Neithhotep huko Naqada, alikichimba Mfaransa de Morgan mwaka 1897. Juu yake kuna jina la Aha ndani ya ile fremu ya ikulu yenye kipanga juu. Ubavuni mwa jina hilo kuna kibanda, na ndani ya kibanda tumbusi na swila, yaani miungu wa kike wawili wanaolinda nchi mbili, na chini yao alama inayosomwa "Men". Hilo ndilo jina Menes, liko bega kwa bega na Aha, na ni la wakati ule ule anaoutaka Mkoba.

Muhuri wa Den nao hausemi Narmer aliunganisha kitu. Unasema tu orodha inaanzia kwake. Anaweza kuwa amewekwa pale kwa kuwa ni baba wa Aha, basi.

#4 Mwalimu Ngwe
Kibanda hicho hicho unachokitegemea, Kipanga, wengine wanakisoma kuwa ni banda la mazishi. Aha anamzika mfalme aliyemtangulia, na aliyemtangulia ni nani? Narmer. Kwa hiyo kibao chako kinanifanyia kazi mimi. Tena kuna alama ya muhuri kutoka Abydos ambako jina la Narmer linapokezana na alama ya "Men", moja baada ya jingine.

#5 Kipanga Mweusi
Hiyo ya kupokezana inaweza kuwa jina la mwana wa mfalme, si la mfalme. Kama mwanawe aliitwa Men halafu akatawala kwa jina la Aha, tumerudi kwangu.

#6 Bint Forodhani
Assalamu alaykum. Nimesoma Cairo kwa hiyo makumbusho ya Tahrir nimeyazoea. Ruhusuni niingie katikati ya hawa mabwana wawili.

Hapa tunalinganisha majina ya aina mbili kana kwamba ni aina moja. Mfalme wa Misri alikuwa na majina kadhaa, na mwishoni yakakamilika kuwa matano. La zamani kuliko yote ni jina la Horus, yule mungu kipanga, linaloandikwa ndani ya fremu ya ukuta wa ikulu. Narmer, Aha, Djer na Den ni majina ya Horus. Lile duara refu la kamba linalozunguka jina la mfalme, katushi, lilizoeleka kuanzia enzi za Sneferu wa nasaba ya nne. Sasa waandishi wa Ufalme Mpya walipotengeneza orodha hawakutumia jina la Horus. Walitumia jina jingine la mfalme na kulitia kwenye katushi, hata kwa wafalme wa zamani ambao wakati wao katushi haikuwepo. Ni kama mtu mtaani anajulikana kwa jina la utani na kwenye kitambulisho ana la babu yake. Ukichukua daftari la mtaa na daftari la serikali ukayalaza pamoja, utaapa ni watu wawili.

Kuhusu bamba, wengi wanaliona kwenye picha wanafikiri ni ukuta mzima. Kimo chake ni kama sentimita 64. Ni bamba la kusagia wanja, na upande wenye taji jekundu kuna wanyama wawili wenye shingo ndefu zilizosokotana, wakaacha kishimo cha duara katikati. Hapo ndipo wanja ungesagiwa. Kila upande juu kuna vichwa viwili vya uso wa mwanamke mwenye masikio na pembe za ng'ombe, na katikati yao jina la mfalme: samaki kambare na patasi. Nyuma ya mfalme anasimama mtu kashika makubazi yake mkononi, mfalme yuko miguu mitupu. Hicho kipande kilinishika kuliko rungu. Mtu anayepiga vita havui viatu vyake akampa mtumishi. Anayevua ni mtu aliyesimama mahali patakatifu. Naona pale pamechongwa ibada, si habari ya vita.

#7 Mkoba wa Ngozi
Dada Bint Forodhani asante, umenipa mkono. Kama ni ibada, basi muungano hauthibitiki kwa bamba. Mwalimu arudi.

#8 Chombezo
Mnapigana humu ndani, kumbe Menes mwenyewe aliuawa na kiboko. Manetho kaandika. Kuhani wa Kimisri huyo, si mtu wa vijiweni.

#9 Mwalimu Ngwe
Chombezo, Manetho aliandika karne ya 3 KK kwa Kigiriki, na kitabu chake hatuna. Tulicho nacho ni vipande vilivyonakiliwa na waandishi wa baadaye, Josephus, Africanus na Eusebius, na wanakili wenyewe hawapatani miaka. Mgawanyo wa nasaba 30 tunaoutumia mpaka leo ni wake, hilo tunamshukuru. Ila kiboko nakiacha majini.

#10 Chombezo
Diodorus, mwandishi wa Kigiriki, naye kasema Menes aliokolewa na mamba. Mwalimu chagua mnyama mmoja tuendelee.

#11 Kipanga Mweusi
Tuache wanyama. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alisimuliwa na makuhani kwamba Min, yaani Menes, mfalme wa kwanza, ndiye aliyejenga mji wa Memphis. Sasa mwaka 2012 kwenye jangwa la Sinai, timu ya Pierre Tallet ilikuta maandishi ya mwambani yenye jina la mfalme Iry-Hor pamoja na jina la kale la Memphis, "Kuta Nyeupe". Iry-Hor alimtangulia Narmer. Mji ulikuwepo kabla ya hao wote tunaowagombea.

Kuna na hili. Kipande cha kumbukumbu za kifalme kilichoko Cairo, ndugu wa lile Jiwe la Palermo lenye habari za wafalme mwaka kwa mwaka, safu yake ya juu ina wafalme wa kabla ya nasaba ya kwanza, na baadhi yao wamesomwa kuwa wana taji la pamoja, jeupe ndani ya jekundu. Wapo wanaolikataa somo hilo kwa kuwa jiwe limechakaa. Ila likisimama, nchi ilishaungana hata kabla ya Narmer.

#12 Mkoba wa Ngozi
Hapo ndipo ninaposimama mimi! Muungano ulikuwa wa vizazi, mji baada ya mji. Halafu watu wa baadaye wakatafuta mtu mmoja wa kumbebesha.

#13 Mtu wa Torino
Salaam kutoka Italia. Nafanya kazi karibu kabisa na makumbusho ya Misri ya Torino, nikipata nafasi naingia.

Humu mnazungumzia orodha bila kuiona ilivyo. Karatasi ya mafunjo ya Torino ndiyo orodha pekee iliyotaja kila mfalme na muda aliotawala, kwa miaka, miezi na siku. Ililetwa kwenye mkusanyiko wa balozi Drovetti, na Champollion, mtaalamu wa maandishi ya Kimisri, alipofika Torino mwaka 1824 aliikuta imevunjikavunjika. Ukisimama mbele ya kioo unaona vipande vya rangi ya majani ya chai, vingine vidogo kama ukucha, vimepangwa na mapengo katikati, na wino mwekundu na mweusi. Na upande wa pili wa karatasi ni hesabu za kodi. Mtu aliinakili historia ya wafalme wote mgongoni mwa karatasi ya kodi iliyokwisha kazi, zama za Ramesses II.

Inaanza na miungu kutawala, halafu roho, halafu ndiyo anakuja Meni, yaani Menes. Na hili ndilo linalonifanya niiamini kuliko zile za kuchongwa: inawataja hata wasiopendwa. Wahyksos, wale watawala waliotoka nje, wamo. Hawakupewa katushi, wamewekewa alama ya ugeni, lakini wamo.

#14 Mzee Kibisa
Kijana wa Torino kasema neno zito. Niwaongezee upande mwingine wake.

Orodha ya Abydos iko ukutani katika hekalu la Seti I. Majina 76 ya kifalme kwa safu mbili, kila safu 38, na safu ya tatu inarudia majina ya Seti mwenyewe. Seti amesimama anatoa sadaka, na mbele yake mwanawe Ramesses, angali mtoto mwenye msuko wa pembeni, kashika karatasi anasoma. Hiyo si historia ndugu zangu, hiyo ni dua ya mababu. Ukiwasomea wahenga wako majina wapate chakula, huwataji waliokuaibisha.

Kwa hiyo Hatshepsut hayumo. Akhenaten, aliyeacha miungu ya zamani akamwabudu Aten, hayumo, wala Smenkhkare, Tutankhamun na Ay. Kutoka Amenhotep III unarukia Horemheb moja kwa moja. Wahyksos hawapo. Na orodha ya Saqqara iliyotoka kaburi la ofisa Tjuneroy ina chaguo lake, ya Karnak ya Thutmose III, ambayo sasa iko Louvre, ina lake. Anayetaka zipatane anataka dua ya nyumba moja ifanane na ya jirani.

#15 Mama Kokoa
Mzee Kibisa shikamoo. Hatshepsut alitolewa kwa sababu ni mwanamke, tusizunguke.

#16 Mzee Kibisa
Marahaba mwanangu. Sobekneferu wa nasaba ya 12 alikuwa mwanamke naye, na karatasi ya Torino inampa miaka 3, miezi 10 na siku 24. Saqqara naye yumo. Uanamke peke yake hautoshi kueleza.

#17 Mama Kokoa
Sobekneferu alitawala ukoo ulipokwisha wanaume. Hatshepsut alitawala huku mwanamume yupo, Thutmose III, tena kwa miaka zaidi ya 20. Akajichonga na ndevu za kifalme, akapeleka meli nchi ya Punt, akajenga hekalu la Deir el-Bahari. Hiyo ndiyo tofauti mzee wangu. Mwanamke wa kuziba pengo wanamvumilia.

#18 Bint Forodhani
Mama Kokoa hoja yako ina nguvu, ila tarehe inaisumbua kidogo. Kufutwa kwa majina yake hakukufanyika alipokufa. Kulikuja mwishoni mwa utawala wa Thutmose III, miaka kama 20 baadaye. Hasira haingoji miaka yote hiyo. Wapo wanaoona alikuwa anamsafishia njia mwanawe Amenhotep II asije akatokea wa upande wa Hatshepsut kudai kiti. Na mwaka 2025 umetoka utafiti juu ya zile sanamu zake zilizokutwa zimevunjwa Deir el-Bahari: nyingi zimevunjwa shingoni, kiunoni na magotini, jinsi walivyozivunja za wafalme wengine ili kuzitoa nguvu, huku nyuso nyingi zikiachwa nzima. Mwenye chuki huanza na uso.

#19 Mama Kokoa
Sanamu nakubali. Lakini majina ukutani yalichongwa-chongwa, na hapo hakuna desturi ya kutoa nguvu, ni kufuta tu. Nabaki pale pale.

#20 Wakili wa Mashamba
Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kesi za ardhi na nimeingia humu kwa sababu ya Akhenaten.

Katika kaburi la mtu aitwaye Mose huko Saqqara, zama za Ramesses II, ukutani kuna mwenendo wa kesi ya shamba. Ukoo umegombana juu ya ardhi waliyopewa na mfalme vizazi kadhaa nyuma. Kwenye kesi ile kuna tukio la "mwaka wa 59" wa Horemheb. Horemheb hakutawala miaka 59! Wamechukua miaka ya Akhenaten na wale wengine waliofutwa, wakamjazia yeye. Na palipobidi kumtaja Akhenaten, hawakumwita kwa jina, wameandika "adui wa Akhetaten", yaani wa ule mji aliojenga.

Nimeisoma kesi hiyo nikaona mezani kwangu kila siku. Unaweza kumfuta mfalme kwenye hekalu, lakini hati ya shamba ilitolewa mwaka wake na mashahidi wanaukumbuka mwaka huo. Mahakama ikibidi iufikie itaufikia, kwa jina lolote.

#21 Mkoba wa Ngozi
Wakili, huu mchango wako ungestahili uzi wake. Kumbe kumbukumbu nzuri iko kwa watu wa kodi na mashamba!

#22 Ustadh wa Bonde
Assalamu alaykum. Swali fupi: katika hao wote, Firauni wa Nabii Musa ni yupi? Nimesikia ni Ramesses II na maiti yake ipo.

#23 Bint Forodhani
Wa alaykum salaam ustadhi. Maiti ya Ramesses II ipo kweli. Ilitoka kwenye maficho ya Deir el-Bahari mwaka 1881 na ilipelekwa Paris 1976 kutibiwa ukungu. Ile picha ya pasipoti yake inayozunguka kwenye simu ni ya kutengenezwa. Ama kuwa ndiye wa Musa, kumbukumbu za Kimisri hazimtaji Musa mahali popote. Jina la Israeli lenyewe linaonekana kwenye jiwe la Merneptah mwanawe, alilolipata mwanaakiolojia Petrie mwaka 1896 huko Thebes, na pale Israeli ni watu waliokwisha kuwa nje, upande wa Kanaani.

#24 Ustadh wa Bonde
Shukran. Qurani haikumtaja jina lake binafsi, na pengine wala hatukuhitaji kulijua. Ila Mzee Kibisa katuonesha kwamba hawa walikuwa hawaandiki waliposhindwa. Ukimya wao si hoja.

#25 Mzee Kibisa
Kweli ustadhi. Ila ukimya si ushahidi pia, wa upande wowote.

#26 Kipanga Mweusi
Turudi kwenye mataji maana hoja ya Mwalimu imejengwa juu yake. Taji jekundu ni la Misri ya Chini, sawa? Sasa mchoro wa zamani kabisa wa taji hilo tulionao uko kwenye kigae cha chungu kutoka Naqada, ambako ni Misri ya Juu, karne nyingi kabla ya Narmer. Yawezekana lilikuwa taji la ukoo wa Naqada, na taji jeupe la ukoo wa Hierakonpolis, na baadaye ndipo yakapewa maana ya kaskazini na kusini. Basi Narmer kuvaa yote mawili kunathibitisha nini?

#27 Mwalimu Ngwe
Kunathibitisha kwamba wakati wake mataji hayo yalikuwa yameshawekwa juu ya kichwa kimoja. Hata kama jekundu lilianzia Naqada, mtu anayeyavaa yote ni mtu aliyewameza wenzake. Na kwenye bamba kuna yule kipanga aliyemfunga kamba puani mtu mwenye mafunjo mgongoni. Mafunjo ni mmea wa Delta ya Nili, kule kaskazini. Hilo utalipeleka wapi, Kipanga?

#28 Kipanga Mweusi
Nalipeleka kwenye vita vya Delta. Vita moja si muungano.

#29 Mkoba wa Ngozi
Swali la pembeni: hayo mataji yalitengenezwa kwa nini? Dhahabu?

#30 Bint Forodhani
Hakuna hata moja lililowahi kupatikana, si jeupe si jekundu. Wanakisia ngozi, kitambaa cha kukazwa au ukindu. Hata kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa 1922 likiwa na vitu tele halikuwa nalo. Kulikuwa na kilemba cha dhahabu chembamba chenye tumbusi na swila, na fimbo zake za kifalme. Huenda taji lilikuwa mali ya kiti, linapita kwa mfalme anayefuata, haliendi kaburini.

#31 Chombezo
Hizo fimbo moja ni ya mchungaji, inaeleweka. Ile nyingine yenye nyuzi tatu zenye shanga si ni usinga kabisa? Mzee Jomo Kenyatta alikuwa hauachi mkononi. Nasema asili ni moja.

#32 Mwalimu Ngwe
Chombezo, kufanana hakuleti ujamaa. Mkia wa mnyama wa kufukuzia inzi umeshikwa na wazee kila mahali penye ng'ombe na inzi. Kile cha Misri chenyewe hakijaamuliwa: wapo wanaosema mjeledi wa kuswagia mifugo, wapo wanaosema chombo cha kupuria nafaka, na mwaka 1929 mtaalamu wa Misri Newberry alisema ni kifaa cha wachunga mbuzi cha kukusanyia utomvu wa manukato kwenye vichaka.

#33 Chombezo
Na usinga umo kwenye orodha ya wanaosema, au umeusahau makusudi?

#34 Mwalimu Ngwe
Umo. Endelea.

#35 Mzee Kibisa
Anayetaka kuona alama ikigeuka siasa amwangalie Peribsen wa nasaba ya pili. Wafalme wote kabla yake wameweka kipanga wa Horus juu ya jina. Yeye kamwondoa kipanga kaweka mnyama wa mungu Sethi. Akaja Khasekhemwy, kawaweka wote wawili, Horus na Sethi, wanatazamana juu ya jina moja. Ni nini kilitokea katikati? Wengine wanasema vita vya wenyewe kwa wenyewe, wengine nchi iligawanywa kwa amani kati ya watawala wawili. Mimi naona palikuwa na vita, kwani sanamu za Khasekhemwy chini yake zimechongwa maiti zilizoanguka pamoja na hesabu za waliouawa wa kaskazini. Naye alikuja miaka mingi baada ya huo muungano wenu. Kwa hiyo nchi iliunganishwa zaidi ya mara moja.

#36 Fundi Mizani
Nimesoma kimya kutoka juu. Mnaamini Torino kwa sababu ina siku na miezi, lakini siku na miezi si dhamana. Chukueni Khufu wa piramidi kubwa. Torino inampa miaka 23. Herodotus 50. Manetho 63. Mwaka 2013 kule Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, Tallet huyo huyo alipata mafunjo ya zamani kuliko yote yenye maandishi, humo mna daftari la kazi la Merer, mkuu wa kikosi cha mabaharia waliokuwa wakisafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza. Humo mna tarehe: mwaka baada ya hesabu ya 13 ya ng'ombe. Sensa ya mifugo ilikuwa mara moja kila miaka miwili, kwa hiyo tuko kwenye mwaka wa 26 au 27 na Khufu bado yu hai. Torino imempunja.

#37 Mtu wa Torino
Fundi, hapo umeweka sharti la sensa kuwa kila mwaka wa pili bila kukosa. Zipo nyakati ilifanyika miaka miwili mfululizo. Ikiwa hivyo kwa Khufu, 23 inaweza kusimama.

#38 Fundi Mizani
Zipo, lakini lazima uoneshe kwa Khufu. Hata Jiwe la Palermo, ambalo linatoa habari za mwaka kwa mwaka hadi kimo cha mafuriko ya Nili kwa dhiraa na vidole, kwake limevunjika. Kwa Sneferu baba yake lina meli 40 za mbao za mierezi, na mateka 7,000 na mifugo 200,000 kutoka Nubia, nchi ya kusini mwa Misri. Kwa mwana hatuna bahati hiyo.

#39 Kaka Jabali
Fundi umetaja Nubia, nami nilikuwa nangoja. Uzi mzima watu wa kusini wanatajwa kama mateka. Kule Qustul, Nubia ya Chini, Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Chicago walichimba 1964 kabla bwawa la Aswan halijafunika nchi, na wakapata chetezo cha jiwe chenye mfalme wa taji jeupe ndani ya mashua, kipanga na ikulu. Mtaalamu Bruce Williams mwaka 1980 akasema ufalme wa Kifirauni ulianzia huko.

#40 Kipanga Mweusi
Na baada ya 1980 makaburi ya zamani ya Abydos yakachimbwa upya, kaburi la U-j lina maandishi na dalili za ufalme za zama zile zile au mbele kidogo. Wengi leo wanaona Qustul na Abydos walikuwa wakijuana na kuigana. Nani alianza haijulikani kwa chetezo kimoja.

#41 Kaka Jabali
Kuigana nakubali, mradi isiwe ya upande mmoja. Na baadaye Kushi, ufalme wa Nubia, walipoitawala Misri nzima, nasaba ya 25, waliweka alama yao: swila wawili kwenye paji la uso badala ya mmoja. Mfalme wa Misri Psamtik II alipowavamia 593 KK, watu wake wakapita wakifuta majina ya wafalme wa Kushi na kumbandua yule swila wa pili, mmoja wakamwacha. Nyoka mmoja tu wa jiwe, na hawakuweza kumvumilia. Mwaka 2003 mwanaakiolojia Charles Bonnet alizikuta sanamu saba za wafalme hao Dokki Gel karibu na Kerma, zimevunjwa na kuzikwa shimoni. Kati yao Taharqa, Tirhaka wa kitabu cha Wafalme kwenye Biblia.

#42 Mama Kokoa
Jabali, hebu tupangie hao wa Kushi kwa zamu zao. Kila ninaposoma nakuta Shabaka mbele, mara Shebitku mbele.

#43 Kaka Jabali
Piye, Shabaka, Shebitku, Taharqa, Tantamani. Manetho naye kaanza na Shabaka, na Taharqa kwenye mawe yake ya Kawa anasema Shebitku ndiye aliyemwita kutoka kusini na kumpenda kuliko ndugu zake. Aliyemwita ndiye aliyemrithisha.

#44 Kipanga Mweusi
Soma Kawa vizuri. Taharqa anasema alipokea taji Memphis baada ya kipanga kuruka mbinguni, yaani mfalme kufa, na huyo kipanga hamtaji jina. Kumwita ni jambo jingine. Halafu kuna maandishi ya Sargon II wa Ashuru kule Tang-i Var, Iran: Shebitku yumo kama mfalme wa Kushi, kwenye mwaka 706 KK hivi. Na Haremakhet, mwana wa Shabaka aliyekuwa kuhani mkuu wa mungu Amun, sanamu yake inamtaja Shabaka, Taharqa na Tantamani, Shebitku hayumo. Tangu 2013 hoja ya kumtanguliza Shebitku imepata watu wengi. Mimi nimo.

#45 Kaka Jabali
Kuhani kutomtaja mfalme ndiyo ushahidi wako? Mzee Kibisa katufundisha nini kwenye namba 14? Shabaka kwanza, mpaka uniletee jiwe lenye majina yote mawili na tarehe.